Mwoka mikate anafaa kuwa mpelelezi, ila si kama yule wa kwenye filamu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Morogoro aliyeandika katika ukurasa huu kwamba hadithi za Kimarekani za mwenye bekari anayefichua wauaji ni upuuzi, kwa sababu eti mtu wa unga na hamira ataujulia wapi upelelezi. Mimi ni mwoka mikate hapa Pangani, nina tanuri la kuni, na filamu hizo nimeziangalia kwenye simu ya mwanangu, zile anazotafsiri DJ huku akichomeka maneno yake. Ya kucheka yamo, tena mengi. Lakini ndugu yangu amecheka pasipo pake.

Mwenye bekari mashuhuri kuliko wote katika hadithi hizo ni Hannah Swensen, aliyebuniwa na mwandishi Joanne Fluke. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2000, filamu za televisheni zikafuata 2015. Hannah anauza biskuti katika mji mdogo wa kubuni huko Minnesota. Mtu akiuawa, yeye huyo, nyumba hadi nyumba na biskuti zake, watu wanatafuna huku wanasema. Na shemeji yake ni askari. Sasa mimi nauliza: tanuri kamwachia nani? Najua ana msaidizi. Hata mimi ninaye, kijana mzuri, lakini nikitoka hadi kivukoni tu nakuta trei nzima ya skonzi imeshika rangi ya makaa.

Muda pekee alio nao mwoka mikate ni ule wa kungoja donge liumuke, na kwa joto letu la Machi huo haufiki hata saa moja. Lushoto, kwenye baridi ya milimani, wanaweza kwenda kuzika na kurudi. Mwandishi anayejua kazi hii angeutumia muda huo. Tuseme marehemu kakutwa kando ya meza yake ya kukandia, mlango wazi. Polisi wanatazama damu, mimi natazama karai. Donge likiwa bado halijapanda, ameacha kazi punde tu. Likiwa limejaa karai, angalau nusu saa imepita. Na likiwa limepanda likashuka, limebonyea katikati na linanuka kama pombe, basi huyo mtu ameanguka zamani, na yeyote anayeapa kwamba alimsikia akiimba muda mfupi uliopita ana lake jambo. Hiyo saa hakuna awezaye kuirudisha nyuma.

Halafu kuna daftari. Huku watu hawanunui mkate, wanaandikisha. Saa tisa usiku niko macho, adhana ya alfajiri inanikuta nimeshatoa trei za kwanza, na kabla hakujapambazuka nimeshaona nusu ya mji: wavuvi, vijana wa bodaboda, akina mama wa chai wanaochukua kwa jumla, wanaowahi kivuko cha kwanza kwenda Bweni. Nyumba iliyozoea boflo mbili ikichukua tano, kuna wageni, hata kama mwenye nyumba anasema hakuna. Bwana aliyeaga kwamba yuko Tanga tangu Ijumaa, na mkewe anaamini hivyo, Jumamosi ameandikisha skonzi nne kwangu, tena kaja kwa njia ya nyuma. Nne, mhariri. Mtu mmoja hali skonzi nne.

Wala hatuhitaji kwenda Minnesota kumtafuta mpelelezi asiye askari. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alikuwa hapo Unguja, na kitabu chake cha kwanza kilichapishwa 1960. Hana bunduki wala cheo, ana kiko na kichwa chake, anakaa anawaza na kuuliza mpaka mambo yanajipanga. Baadaye ndipo wakaja akina Willy Gamba na Joram Kiango, na bastola zao. Nimewasoma wote na nimefurahi, ila ile subira ya Bwana Msa sikuiona tena. Mtu wa kuirithi angekuwa mwoka mikate.

Ila mwandishi ajue pia kwamba sumu ikitajwa, wa kwanza kukamatwa ni sisi. Hong Kong, Januari 1857, Wazungu mamia walikula mkate wa bekari moja wakaanza kutapika asubuhi hiyohiyo. Mkate ulikuwa na aseniki, na aseniki haiishi makali kwa moto wa tanuri. Iliwekwa nyingi mno, ndiyo maana waliitapika, na kwa wengi huko kutapika ndiko kulikowaokoa. Mwenye bekari, Cheong Ah-lum, alikuwa amepanda meli kwenda Macau siku hiyo na familia yake. Basi ikawa kesi. Mahakama ilimwachia, na aliyetia sumu hakujulikana mpaka leo. Mimi nikisoma hadithi ya mwoka mikate anayetembea kifua mbele kuhoji watu wakati marehemu kafa na mkate mdomoni, naifunga.

Na jambo kubwa, ambalo msomaji wa Morogoro hakuligusa na filamu hazikuligusa, ni kwamba mwoka mikate hasemi. Hannah anajua na anasema, watu wanampigia makofi, kesho wanarudi kununua. Hapa nikisema ya yule bwana wa skonzi nne, nimevunja nyumba mbili na nimepoteza wateja wa mtaa mzima, maana kila mmoja atajiuliza na lake ninalijua lipi. Mwezi wa Ramadhani nawajua wanaokuja adhuhuri wakiomba mkate wa mgonjwa, na wagonjwa wao nawajua pia. Nafunga kwenye gazeti, natoa chenji, basi. Kwa hiyo siku anapouawa mtu, na jina la muuaji limo katika daftari langu pamoja na aibu za watu kumi wasio na hatia, nifanye nini? Nimpelekee mjumbe? Mjumbe mwenyewe yumo humo, ana deni la tangu Maulidi. Hadithi yenyewe iko hapo, na sijaona aliyeiandika.

Mwandishi atakayeitaka kazi hiyo aje akae nami karibu na tanuri usiku mmoja, nitamwonyesha kila kitu isipokuwa daftari. Nawe mhariri, ukiipata hadithi, usiitoe Jumamosi. Gazeti la Jumamosi hutufikia mchana, na saa hizo sisi tunaoamka saa tisa usiku tumelala.

Mama wa bekari,
Pangani, Tanga