Jumamosi ni Dragnet, na mahali pamebadilika

Wapendwa, habari za jioni.

Jumamosi saa 10 alasiri tunakutana kusikiliza mchezo wa redio kwangu, si kwa mwenyekiti. Kwake maji yamekatika tangu juzi.

Zamu hii ni Dragnet, mchezo wa redio wa NBC (shirika la utangazaji la Marekani) ulioanza 1949. Jack Webb ndiye anayeigiza Sajenti Joe Friday, na kesi zilitoka kwenye mafaili ya polisi wa Los Angeles. Majina ndiyo yalibadilishwa. Tutasikiliza vipindi viwili, kila kimoja nusu saa. Tegeni sikio kwenye nyayo na ile simu ya kuzungusha namba. Hakuna mbwembwe: askari anauliza, anajibiwa, anauliza tena. Mimi hapo ndipo huganda. Kiingereza chao cha haraka kisiwatishe, nitakuwa nasimamisha na kufafanua.

1. Mchango 3,000/= ya chai na vitumbua, kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi usiku.
2. Mwenye spika nzuri aje nayo, yangu inakoroma.
3. Simu kimya! Mara iliyopita moja ililia muuaji akitajwa. Mhusika anajijua 😄

Tafadhali andika NAJA au SIJI hapa kabla ya Alhamisi, nijue idadi ya vitumbua.