Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kagera: Juliana iandikwe kabla wazee hawajatuishia

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo. Naomba nianze na fulana.

Nilikuwa darasa la pili. Kwenye kamba ya kuanikia nguo nyumbani kwa bibi kulikuwa na fulana ya mjomba, aliyokuja nayo kutoka Uganda. Mjomba mwenyewe tulikuwa tumeshamzika kibanjani, hatua chache kutoka jikoni. Fulana ikanyeshewa, ikakauka, ikanyeshewa tena, na hakuna aliyethubutu kuianua. Siku moja bibi akaitoa kwa ncha ya fimbo, vile mtu anavyotoa nyoka darini, akaenda nayo nyuma ya choo akaichoma. Kisha akatuita wajukuu, akatunawisha mikono kwa majivu ingawa hatukuwa tumeigusa.

Ugonjwa uliomuua mjomba hatukuuita Ukimwi. Tuliuita Juliana.

Wewe unayepokea taarifa za mkoa kila asubuhi, sijui kama kuna taarifa yoyote inayoeleza jina hilo lilikotoka. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 maduka yetu yalikuwa na rafu na vumbi. Sabuni, chumvi na nguo vilivuka mpaka kwa magendo: kahawa yetu ilikwenda Uganda usiku, nguo zikarudi alfajiri. Zenye jina la Juliana ndizo zilizovaliwa na vijana waliokuwa na hela. Vijana hao hao wakaanza kukonda, kuharisha na kufa. Watu wakasema ni ile nguo. Wengine wakasema ni uchawi wa wafanyabiashara wa ng'ambo waliodhulumiwa na watu wetu. Na ng'ambo ya pili ya mpaka, Rakai nchini Uganda, ambako ugonjwa waliuita Slim, wakasema wachawi ni sisi.

Siku hizi nikisikia hadithi hiyo ikisimuliwa, husimuliwa kwa kicheko: wazee wetu walifikiri fulana inaua! Mimi sicheki. Walichokiona kilikuwa sahihi kuliko tunavyowapa heshima. Ugonjwa kweli ulifuata njia ya zile nguo, na kweli ulianza na wale walionunua, waliouza, na wasichana waliozawadiwa. Njia waliiona. Kirusi kilichopita ndani yake hakuna jicho ambalo lingekiona, na mtu wa kuwaeleza hakuwepo.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa watu wa huku kuona kitu mapema. Mwishoni mwa karne ya 19 tauni ilikuwa Kiziba, huku huku kwetu karibu na mpaka wa Uganda. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, aliandika kwamba wenyeji walikuwa wanajua: panya wakianza kufa ndani ya nyumba, watu wanahama nyumba. Ulaya wataalamu walikuwa bado wanabishana kama panya ana hatia yoyote. Bibi zetu wa Kiziba walikuwa wameshafunga mizigo.

Hebu turudi kwenye Juliana. Wagonjwa 3 wa kwanza kuripotiwa nchini waligunduliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Kufika 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa. Mwaka 1987 watafiti walipopima damu za watu wazima Bukoba mjini, asilimia 24.2 walikutwa na virusi. Karibu mtu mmoja katika kila wanne, Mheshimiwa. Mwaka 1996 kiwango hicho mjini kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13.3, na dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado miaka karibu 8 kabla ya kuanza kutolewa na serikali. Kipi kilibadilika? Takwimu tunazo. Maelezo ya jinsi kijiji kimoja kimoja kilivyojifunza kuishi, hayo yako vichwani mwa watu ambao sasa wanatembelea mkongojo.

Mfano mmoja. Kwa mila zetu msiba ulikuwa unasimamisha majembe ya kijiji kizima kwa siku kadhaa. Misiba ilipoanza kupishana mlangoni, wazee walikaa chini wakapunguza siku, maana wangezika leo na kesho wakafa njaa. Uamuzi huo si mdogo. Kuna mtu alisimama akalitamka jambo hilo mbele ya wafiwa, na pengine alizomewa. Ni nani? Alisema maneno gani? Nimeuliza kijijini kwetu, nimepata majibu matatu tofauti, na wawili kati ya walionijibu wameshafariki.

Mfano mwingine ni lugha yenyewe. Nchi nzima ilijificha nyuma ya maneno. Tulisema ngoma, tukasema kakanyaga miwaya, na wale wa utani wakaifumua AIDS ikawa "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Kwenye matangazo ya vifo redioni mtu alikuwa amefariki "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Tabia hiyo haikuisha. Mwaka 2021, wakati wa Korona, tuliwazika watu kwa "changamoto ya upumuaji", na kila aliyekaa kwenye turubai alijua kinachosemwa na kisichosemwa.

Hapo ndipo ninapokuja kwako. Machi 2023 watu walianza kufa Bukoba Vijijini, kata za Maruku na Kanyangereko. Ilipotangazwa tarehe 21 kuwa ni Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, bodaboda aliyenibeba kutoka stendi alikuwa tayari ana maelezo yake: shamba liligombaniwa, mtu akaendewa kwa mganga. Watu 6 walikufa, na Juni tukatangaziwa kuwa umekwisha. Januari 2025 ukaja Biharamulo. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likasema linashuku Marburg, serikali ikajibu kwamba sampuli hazina kitu, na tarehe 20 Rais akathibitisha kuwa ipo. Waliokufa, kwa hesabu ya mwisho, ni 10. Siku 6 ni chache ofisini. Kilabuni kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, siku 6 zinatosha kabisa kuzaa Juliana mwingine.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya kutisha. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, na walimu wa historia wapo na wanafunzi wao. Wapewe vinasa sauti, hata simu zao tu, wakae na wazee wa Kanyigo, Ndolage, Mutukula na kwingineko, waulize: mliuonaje, mliuitaje, nani alisema nini, mlibadilisha nini. Wasikilize Kihaya, wasiwalazimishe Kiswahili. Nakala iwekwe Bukoba, siyo Dodoma, mahali ambapo mtendaji wa kata anaweza kuisikiliza kabla hajaenda kuzima uvumi kwenye kijiji chenye hofu. Nimewahi kuhudhuria semina ya siku mbili ya elimu ya mlipuko. Tulipewa vipeperushi, chai na kofia. Hakuna aliyetuuliza sisi tuliozika nusu ya ukoo tunajua nini.

Jirani wa marehemu bibi bado yupo. Ana miaka zaidi ya 80, masikio mazuri, na anakumbuka nani alileta Juliana ya kwanza kijijini na aliiuza kwa kahawa debe ngapi. Anachoka mapema, kwa hiyo ni vizuri kufika asubuhi. Gari linafika hadi mlangoni kwake kama mvua haijanyesha.

Wako katika ujenzi wa mkoa,
Mjukuu wa Kanyigo