Kucha ipimwe kwanza, vidonge vifuate

Mhariri,

Nipe nafasi nizungumzie kucha. Ninafanya kazi katika maabara ndogo hapa Ahero, Kaunti ya Kisumu, na wengi wanaokuja kwetu ni wakulima wa mpunga. Miguu yao hushinda majini na topeni, kucha zikawa nene, za manjano, zinamegukameguka. Karibu kila mmoja hufika akiwa amemeza vidonge vya fangasi miezi mingi, na hakuna aliyewahi kumkwangua kucha. Jambo hili linaniuma sana.

Kucha zilizoharibika, takriban nusu tu ndizo zenye kuvu, yaani fangasi. Na kuvu zenyewe si za aina moja. Inayoongoza duniani ni Trichophyton rubrum, ambayo kwa kawaida husikia dawa ya terbinafini: miligramu 250 kwa siku, wiki 12 kwa kucha za miguu. Lakini kuna ukungu wa udongoni, kama Fusarium, Aspergillus na Scopulariopsis, ambao pia huingia kuchani. Dawa ya griseofulvini haiutibu ukungu huo. Fusarium mara nyingi hustahimili hata terbinafini na dawa nyingine, itrakonazoli. Kucha ya kidole gumba cha mguu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota upya, kwa hivyo dawa isiyofaa humpotezea mtu muda mrefu, mbali na kumlia pesa na kuweza kumdhuru ini.

Kutambua ukungu kunataka subira. Naipangusa kucha kwa spiriti, naikata sehemu iliyokufa, kisha nakwangua unga ulio chini yake, karibu na nyama, maana huko ndiko kuvu ilikojificha ikiwa hai. Tone la potasiamu haidroksaidi huulainisha unga, na nyuzi za kuvu huonekana kwa hadubini. Ila hadubini hainipi jina. Sharti unga mwingine uoteshwe kwenye sahani ya Sabouraud, yaani chakula maalumu cha kuoteshea kuvu, pengine kwa wiki nne. Fusarium huwahi: pamba nyeupe yenye wekundu au zambarau, na vimbegu vilivyopinda kama mtumbwi. Hata hapo sisemi nimeipata. Ukungu huohuo umejaa kwenye tope la shamba, basi mgonjwa hana budi kurudi, akwanguliwe tena, na uote uleule. Tena baadhi ya sahani hutiwa dawa ya saikloheksimaidi ili kuzuia ukungu wa uchafu usiote, na dawa hiyo huzuia ukungu mwingi tunaoutafuta. Asiyetumia sahani ya pili isiyo na dawa hiyo hatauona.

Baada ya jina, kuvu huoteshwa penye viwango mbalimbali vya dawa, ionekane ni kiasi gani kinachoizuia. Uwezo huo hatuna. Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kuvu 19 zinazohitaji kupewa kipaumbele, Fusarium ikiwemo. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina kituo Kisian, papa hapa Kisumu. Naisihi serikali ya kaunti izungumze nao, sampuli za kucha kutoka Ahero, Muhoroni na Nyakach zipate pa kwenda. Wagonjwa wa kisukari wapewe nafasi ya kwanza, kwani kwao ufa mdogo kando ya kucha unaweza kuzaa kidonda kikubwa.

Nanyi wakulima, mkija kupimwa, futeni rangi ya kucha na mje na pakiti za dawa zote mlizotumia, hata za kupaka. Dawa huweza kuizuia kuvu isiote kwenye sahani ilhali bado imo kuchani.

Mhudumu wa maabara,
Ahero, Kisumu