Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi za Kontroli Boksi

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema kuhusu kazi za mezani: kutengeneza na kujenga kontroli boksi, yaani kompyuta ndogo inayoongoza mafuta na cheche za injini ya gari.

Kabla ya kujenga boksi jipya, fungueni la zamani. Magari mengi ya Kijapani ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 yana ugonjwa mmoja: kapasita (vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye bodi) huvuja, na maji yake hula njia za shaba. Ukifungua ukakutana na harufu kama ya samaki, umeshapata jibu. Ng'oa kapasita hizo, osha bodi kwa spiriti, unganisha njia zilizokatika kwa waya mwembamba, kisha lehemu kapasita za kustahimili joto la nyuzi 105 zenye thamani ileile. Anayepachika mpya bila kuosha atalipokea boksi hilohilo tena.

Lisilofufuka ndilo tunalolijengea badala yake kwa Arduino Mega 2560, bodi ndogo ya kompyuta, na programu huria ya Speeduino ya kuongoza injini. Hapa umeme ndio umetusumbua zaidi. Kuna waliotumia rigyuleta ya 7805, kifaa cha kushusha volti za betri hadi 5, kwa kuwa ni rahisi. Hiyo hutaka kama volti 7 ili itoe 5, na starta ikivuta, betri iliyochoka hushuka chini ya hapo, boksi likajizima na kuanza upya. Rigyuleta ya LM2940 hutosheka na karibu volti 6. Iwekeeni kapasita ya mikrofaradi 22 au zaidi upande wa kutokea, la sivyo volti huyumba. Tena kosa hili hujificha: waya wa laptopu nao huleta volti 5, kwa hiyo gari huwaka vizuri fundi akiwepo, akichomoa tu linagoma. Mteja haelewi, na ana haki.

Injekta, yaani vinyunyizio vya mafuta, zipimwe kwanza. Ya ohmu 13 au 14 huvuta takriban ampea 1. Ya ohmu 2.5 huvuta zaidi ya 5 na kuunguza transista; kila moja iwekewe rezista ya ohmu 6, wati 25.

Kwa sensa ya kranki ya sumaku, funga taimingi ya cheche kwenye digrii 10, mulika alama ya puli kwa taa ya taimingi, panda hadi mizunguko 3000 kwa dakika. Alama ikihama, geuza waya mbili za sensa kabla ya kugusa kitu kingine.

Chumvi ya hewa yetu hatuna namna nayo ila kupaka bodi vanishi. Lakini zibeni kwanza plagi na tundu la sensa ya mgandamizo, MPX4250. Vanishi ikiingia humo, vipimo havina maana tena.

Kuanzia mwaka ujao, boksi halitapata muhuri wa chama mpaka liwashe gari asubuhi, injini baridi, laptopu imechomolewa. Anayehitaji bodi tupu aje na mchoro wa pini wa gari lenyewe, si wa gari linalofanana nalo.

Mwenyekiti
Mombasa