Mkiandika faida ya mifuko andikeni na ada

Mhariri, asalam aleikum. Pesa za karafuu zikishaingia huku Pemba ndo simu zetu zinajaa matangazo ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ile ya vipande, ambako pesa za watu wengi zinawekwa pamoja meneja akaziwekeza na kila mtu sehemu yake inahesabiwa kwa vipande, na magazeti nayo yanaandika mfuko fulani umetoa faida asilimia 12, basi, habari imeisha hapo. Sina ugomvi na mifuko yenyewe, Mfuko wa Umoja wa UTT, taasisi ya serikali inayoendesha mifuko hii, upo tangu 2005 na sio kitu kigeni kwetu. Ugomvi wangu ni hiyo namba kuachwa peke yake.

Asilimia 12 ya mwaka mmoja au tangu mfuko uanze? Kabla ya ada au baada? Sie huku mtu akisema kavuna kilo mia anaulizwa kwanza mbichi au kavu, mana zikishaanikwa inabaki kama theluthi tu. Mbona kwenye pesa hatuulizi?

Meneja wa mfuko hakuletei risiti. Ada yake anaikata humo humo ndani kidogo kidogo kabla thamani ya kipande haijatangazwa, wewe huoni hata shilingi ikitoka, unadhani unafanyiwa bure. Alafu mtu akisikia ada asilimia 2 anajua ni 2 ya faida. Siyo jamani, ni 2 ya mali yote iliyomo, kwa hiyo mfuko ukipata 12 ukakatwa 2 sehemu moja katika sita ya faida ishakwenda, na mwaka ambao soko limeanguka ada iko pale pale. Chukua kalkuleta, milioni 1 ikikua kwa asilimia 12 kwa miaka 20 inafika kama milioni 9.6, kwa asilimia 10 inafika milioni 6.7. Karibu milioni 3 nzima, na watu wanakwambia ati ni mbili tu!

Kuna na ya kutoka. Mifuko mingine bei ya kununua kipande na bei ya kukirudisha haziko sawa, sasa mtu kaweka miezi mitatu kwenye mfuko wa 12 kwa mwaka, kapata kama 3, akitoa anakatwa 1, theluthi ya alichopata imebaki huko huko.

Na wastani ndo balaa. Mwaka huu umepanda 50, mwakani umeshuka 50, mtu atakupigia hesabu wastani sifuri hujapoteza kitu, wakati laki yako imekuwa elfu 75.

(La riba na hizo hatifungani, yaani mikopo ya serikali na makampuni, zinazonunuliwa na mifuko nawaachia masheikh, hapa halitoshi.)

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkiandika faida ya mfuko wekeni ni ya kipindi gani, ada imeshatolewa au bado, ni asilimia ngapi kwa mwaka na ukitoka unakatwa nini. Hayo ya ada na ya kutoka yamo kwenye waraka wa matarajio, yaani kile kitabu cha maelezo ya mfuko, unaopita kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, mwandishi wenu aufungue tu asisubiri kupewa taarifa na mwenye mfuko. Na kama meneja hataki kuitaja ada yake, liandikeni na hilo.

Mkulima wa karafuu,
Wete, Pemba