Shukrani kwa mama wa koti la kijani, Valencia

Mama, jina lako sikulishika, na Kihispania changu unakijua: kinaishia kwenye "gracias".

Jumapili ile, tarehe 1 Desemba 2024, barabara zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya marathoni, simu imenizimikia, nami nazunguka kama kuku mgeni. Ukanishika mkono, tukashuka bustani ya Turia na kupita chini ya madaraja yasiyo na mto. Ukauchora mto hewani kwa kidole, kisha ukausukuma pembeni. Baadaye ndipo nikaelewa: mto wenyewe ulihamishwa baada ya mafuriko ya mwaka 1957. Na mwezi mmoja tu kabla ya siku ile, maji yalikuwa yameua watu wengi vitongojini. Bado ukapata moyo wa kuhangaika na mgeni!

Ukanifikisha karibu na mwisho wa mbio, kwenye ile njia ya buluu juu ya maji. Sabastian Sawe wetu akatokea, 2:02:05, marathoni yake ya kwanza maishani. Nilipiga vigelegele, wewe ulinishinda kwa kelele, halafu ukanimenyea chungwa.

Kesho yake nilinunua mengine Mercado Central. Matamu, ila halikuwa lile.

Asante sana, mama. Skafu yako nimerudi nayo Eldoret, nisamehe.