Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kalvati, Zahanati na Bajeti ya Kaunti

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Naanza na kalvati. Masika ya mwaka huu maji yaliibeba ile iliyo kwenye njia ya zahanati, na kwa siku nyingi bodaboda hazikuvuka. Mmoja wa kina mama wetu alishikwa na uchungu usiku. Vijana wakambeba kwa kiti, akajifungulia kando ya mkondo kabla hawajafika. Yeye na mwanawe wazima, alhamdulillahi, na leo wako nasi hapa. Lakini usiku ule haujanitoka moyoni. Kalvati ilikuwa na nyufa tangu mwaka jana, na barua ya kuomba itengenezwe tulikwisha kuiandika, tena kwa muhuri wa chama. Tuliipeleka kwa mbunge.

Hapo ndipo tulipokosea. Mfuko wa maeneo bunge, ule tunaomfuatia mbunge, hujenga madarasa. Barabara ya kijijini si kazi yake. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezikabidhi kaunti zahanati, vituo vya afya na hospitali zake, ambulensi, barabara za kaunti, maji, masoko na shule za chekechea. Serikali kuu ilibaki na sera ya afya, hospitali za kitaifa za rufaa, na shule za msingi na za sekondari. Ugatuzi ulianza 2013, na hadi leo tunabisha hodi kwa mazoea. Kosa la barua ile ni la kamati, na mimi kama mwenyekiti nalibeba.

Kosa la pili lilikuwa la wakati. Kila mwaka tulikuwa tunalalamika mwezi wa Mei, mvua ikishatufungia njia. Kumbe kisheria mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Ukisema Mei, unasema na watu waliokwisha kuandika hesabu zao. Na hesabu hizo zina fedha za kweli: sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo.

Kwa hiyo Agosti tulikaa chini ya mwembe wa zahanati, tukabishana hadi magharibi, tukaandika ukurasa mmoja wenye mambo matatu: kalvati, tangi la maji la chumba cha kujifungulia, na umeme. Msimamizi wa wadi aliupokea na kuugonga muhuri. Mwakilishi wetu wa wadi alikuja mwenyewe kuona. Kalvati na tangi vimeingia kwenye mpango. Umeme haukuingia. Fedha bado hazijatengwa, kwa hiyo asiwepo wa kusherehekea.

Kuhusu dawa, nataka tusikilizane vizuri. Tangu Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilipochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya afya ya taifa ya zamani, matibabu ya zahanati hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi, mgonjwa hatoi kitu. Lakini zahanati hulipwa kwa mgonjwa aliyesajiliwa na SHA. Asiyesajiliwa akitibiwa, kituo hakina cha kudai. Na sheria ya 2023 ya fedha za kuboresha vituo inasema kinachopatikana kituoni kibaki kituoni, kinunue glavu, kilipe mlinzi, kijaze pengo la dawa. Zamani fedha hizo ziliingia kwenye hazina ya kaunti na ilikuwa kazi kuziona tena. Basi kila mzee wetu ambaye hajasajiliwa anaipunguzia fedha zahanati yake mwenyewe.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wamepita nyumba kwa nyumba kutusaidia katika hili, mpaka vitongoji vya ng'ambo ya mkondo. Posho yao inagawanywa kati ya serikali kuu na kaunti, na upande mmoja ukichelewa wao ndio wanaoumia. Nimewaona wakitembea juani na mikoba yao hata mwezi ambao hawajalipwa. Naomba kamati mpya iandike kuhusu posho hiyo, na iandike pande zote mbili.

Mfuko wa misiba umeendelea vizuri. Mweka hazina atawasomea hesabu.

Kikao cha wadi cha kutoa maoni ya bajeti hutangazwa siku chache tu kabla, na mwaka jana tulikwenda watu watatu. Katibu ana daftari mlangoni. Nataka majina mawili kutoka kila kijiji, mmoja wao awe mama, watu watakaokwenda na ule ukurasa wetu mkononi na kuuliza kalvati imetengewa shilingi ngapi. La kwangu nimekwisha kuliandika.